Kigololi hakitulii nikikata kona ya kulia, naomba msaada

Wakuu, habari zenu. Najifunza urubani, bado sijaruhusiwa kuruka peke yangu. Kona za kushoto nazikata vizuri tu, ila nikilaza ndege kulia, hasa tukiwa tunapanda, pua inachungulia kushoto kwanza ndipo ifuate. Kigololi nacho (kile cha kwenye dashibodi kinachoonyesha kama ndege inateleza kando) kinakimbilia kulia. Nikikifukuza kwa pedali (za miguuni, zinazogeuza pua kushoto na kulia) kinavuka kati na kwenda upande wa pili. Mkufunzi anasema "miguu, miguu!", basi. Nifanyeje?

Rubani Mstaafu
Pole mkuu. Ukilaza kulia, eleroni (kibawa kinachosogea kwenye ukingo wa nyuma) ya bawa la kushoto inashuka. Bawa hilo linapata mnyanyuo (nguvu inayoibeba ndege) zaidi, na ukinzani wa hewa zaidi pia, kwa hiyo linavutwa nyuma na pua inakwenda kinyume. Pedali ya kulia ianze pamoja na mkono, usingoje kigololi kikimbie. Ukifika mwinamo unaoutaka, rudisha eleroni kati na ulegeze mguu. Halafu mnapopanda, nguvu ya injini ni kubwa na mwendo ni mdogo, propela inavuta pua kushoto. Ndiyo maana upande huo unajiona fundi!

Mama Anga
Acha kukikodolea macho. Mwombe mkufunzi akifunike kwa karatasi. Mkiwa juu vya kutosha, chagua kilele cha mlima mbele yako, laza nyuzi 20 kushoto, kisha kulia, bila kupumzika katikati, pua ibaki palepale. Makalio yatakwambia: mwili ukiegemea upande mmoja, kanyaga pedali ya upande huo.

Tai
Mimi naogopa zaidi kona ya mwisho kabla ya kutua. Umepitiliza mstari wa njia ya kutulia, unaogopa kulaza zaidi, mguu wa ndani unasukuma ili pua iwahi. Mkia unatupwa nje, unazidi kuvuta usukani, bawa la ndani linaishiwa mnyanyuo kwanza, ndege inapinduka upande huo na kuzunguka kama pia. Kwa kimo kile huna nafasi ya kuiokoa. Ukipitiliza, weka nguvu, panda, zunguka upya.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Na kona kali za nyuzi 45?

Rubani Mstaafu
Hapo uzito unakuwa mara 1.4. Ndege inayoishiwa mnyanyuo kwa mwendo wa noti 50 (maili za baharini kwa saa) sasa itaishiwa kwenye karibu 60, kwa hiyo ongeza nguvu kidogo unapovuta usukani. Na anza kuinyoosha nyuzi 20 hivi kabla ya uelekeo wako, la sivyo utaupita.