Tupeane uzoefu: tendo la ndoa na uzazi baada ya kuumia uti wa mgongo

Mwanzisha mada, Uyole
Wadau, habari za leo. Uzi huu ni wetu tuliopooza miguu baada ya ajali, pamoja na wenza wetu. Ukiruhusiwa hospitali unakuwa umefundishwa kujigeuza kitandani, mpira wa mkojo na kuzuia vidonda. Ya chumbani hakuna anayeyagusa, huku ndugu wanamwambia mumeo "bado kijana, angalia maisha yako." Inauma sana.

Mimi niliumia kwenye bodaboda, juu kifuani. Hedhi ilipotea miezi kadhaa, ikarudi, nikashika mimba. Kliniki nesi akaniuliza mbele za watu, "Nani kakufanyia hivi?" Mume wangu alikuwa amesimama pale pale! Dada zangu, kuumia uti hakuui kizazi. Asiyetaka mtoto apange uzazi, ila amuone daktari kabla ya kumeza vidonge, maana miguu isiyotembea damu huganda kirahisi.

UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, zilinisumbua, na tumbo lilipokua makalio yakaanza wekundu kwa sababu kujiinua kwenye kiti kulikuwa kazi. Uchungu sikuusikia. Niliweka kiganja tumboni, likakaza, likalegea, likakaza tena, ndipo nikajua. Halafu kichwa kikagonga, jasho likanitoka usoni, vinyweleo vikasimama. Kwa aliyeumia kuanzia katikati ya kifua kwenda juu, hiyo ni presha kupanda ghafla na inaweza kuua. Wengine huidhania kifafa cha mimba. Mweleze daktari mapema ili ganzi ya mgongoni iandaliwe. Nilijifungua kwa njia ya kawaida.

Mdau wa Mafinga
Kamwene. Mimi niliangukiwa na gogo msituni. Wanaume wenzangu, tusidanganyane na dawa za mitaani. Wengi wetu uume husimama ukiguswa hata kama mawazo peke yake hayausimamishi, ila haudumu. Daktari alinipa sildenafil, dawa ya kusaidia uume usimame, baada ya kupima presha na kuuliza kama natumia dawa za moyo, kwa sababu ikichanganywa na zile za moyo za aina ya naitreti ni hatari.

Kazi kubwa ni kumwaga. Mbegu zipo, hazitoki, na mara nyingi zinakuwa nzito kuogelea. Kuna kifaa cha kutetemesha kinachowekwa kichwani mwa uume. Huwasaidia zaidi walioumia juu ya kiuno. Mara ya kwanza kitumike hospitalini, maana nacho kinaweza kurusha presha. Mbegu zetu ziliwekwa kwa mke wangu kwa bomba lisilo na sindano, siku zake za kupata mimba. Binti yetu sasa anatambaa.

Mke, Tukuyu
Mume wangu hutoa mkojo kwanza, tunatandika taulo, tukimaliza namkagua ngozi. Chini hasikii, lakini ukimgusa shingo na masikio anasikia kuliko zamani. Tulichukua muda kugundua, kwa sababu tulioneana aibu.

Mdau wa Makambako
Wazazi wa mchumba wangu wanaogopa watoto watarithi. Na wewe mama wa Uyole, unamlea vipi?

Mwanzisha mada, Uyole
Ulemavu wa ajali haurithiwi, kaka. Waende nanyi kwa daktari wakasikie wenyewe. Mtoto namfunga kifuani kwa kitenge, mikono ibaki kwenye magurudumu. Beseni naweka juu ya meza, kiti kinaingia chini yake, maji napima kwa kiwiko. Maji ya moto au chai sipakati kabisa: paja likiungua sitajua.