Gitaa moja tu la kuzeeka nalo: D-18, J-45 au Yamaha?

NyuziSita
Wakuu habari zenu. Nauza magitaa yangu yote nibaki na moja la akustiki, la kuzeeka nalo. Nimechuja yamebaki matatu: Martin D-18, Gibson J-45 na Yamaha FG800. Najua FG800 ni chini ya dola 300 wakati D-18 mpya inapita dola 2,500, ila nimelipiga la rafiki yangu na lile gitaa linaimba jamani. Mimi napiga vidole kuliko piki, jumapili nasindikiza kwaya, nyumbani ni mapigo ya zamani ya kina Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gitaa wa Kongo. Nipo Kigamboni, upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani. Naombeni ushauri.

Mapigo_ya_Kale
Umemtaja Mwenda, hapo umenigusa. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi, na ukimsikiliza vizuri kidole gumba kinashika besi huku cha shahada kinaimba juu, yaani mtu mmoja anasikika kama wawili. Mapigo hayo yanataka kila noti isimame peke yake. Kwa hiyo mgongo wa mahogani, sio roziwudi ya Martin D-28, roziwudi inavuma sana noti zinaingiliana. D-18 ni mahogani sawa, lakini lile tumbo kubwa limetengenezwa kwa watu wa kukwaruza kwa nguvu. Tafuta Martin 000-18 mkuu! Mbao zilezile, kiuno chembamba, urefu wa nyuzi inchi 24.9 badala ya 25.4 kwa hiyo vidole havichoki.

MamaKwaya
Mdogo wangu umesema unasindikiza kwaya, mbona wote mnaongelea solo? J-45 ipo tangu 1942 na waimbaji hawajaiacha hadi leo, sababu iko wazi, ile sauti kavu ya katikati inakaa chini ya sauti ya mtu haigombani nayo. Na nyuzi zake ni fupi zaidi, inchi 24.75. Mimi nikiongoza waimbaji sitaki gitaa linalong'aa kuliko soprano wangu.

Kisauni_Boi
Nyote mwasahau bahari. Gitaa la mbao nzima lataka unyevu wa asilimia 45 mpaka 55, huku pwani masika yapita 80 bila shida. Ubao wanywa maji, uso wa mbele wavimba, nyuzi zapanda juu mpaka kushika F ni adhabu, kisha gundi ya briji, pale nyuzi zinapofungwa tumboni, yaanza kuachia. Mie ushauri wangu chukua la kaboni. RainSong, watengenezaji wa magitaa ya kaboni, walianzia Hawaii kwa tabu hiihii ya unyevu. Wasema halina joto la mbao, ni kweli kidogo, lakini litakuwa vilevile miaka 30 ijayo na hiyo ndiyo maana ya kuzeeka nalo.

FundiMbao
Kisauni ana hoja ila tusimtishe mwenzetu, magitaa ya mbao pwani yapo na yanadumu, keisi ngumu, kipimo kidogo cha unyevu ndani, na vile vipakiti vya kurekebisha unyevu unavibadilisha vikichoka. Kinachoniumiza mimi ni kwamba hakuna anayeuliza habari ya shingo. Nyuzi za saizi ya 12 zinavuta kama kilo 70 hivi usiku na mchana, kwa hiyo ukikaa na gitaa miongo kadhaa kuna siku shingo itabidi ing'olewe irudishwe pembe yake. Martin D-18 na J-45 shingo zimeungwa kwa gundi, zinatolewa kwa mvuke na sio kila fundi anaweza. Magitaa ya Taylor shingo zinafungwa kwa bolti, na kwa muundo wao wa tangu 1999 fundi anafungua, anabadilisha vibao vyembamba, anafunga. Kwa hiyo ongeza Taylor kwenye orodha yako. FG800 ni gitaa zuri sana, mgongo wake wa plaiwudi haupasuki ovyo, lakini siku shingo ikigoma gharama ya fundi inazidi bei ya gitaa.

Halafu kwa kupitiliza tu, mpingo wetu wa Kilwa wenzetu wanaulipia pesa ndefu kwa migongo ya magitaa, mimi natamani siku moja tuyatengeneze hapahapa.

Baridi_Minnesota
Huku kwetu ni kinyume, winta hita inakausha nyumba mpaka ubao unapasuka. Vipakiti ni vilevile, naunga mkono fundi. Na usinunue bila kulishika, mapana ya shingo yanatofautiana, D-18 ni milimita 44.5 pale juu, kwa mpiga vidole nafasi hiyo unaisikia.

NyuziSita
Asanteni sana wote. Mama Kwaya shikamoo, J-45 naipenda lakini kwaya ni jumapili tu, siku nyingine zote napiga peke yangu na ndiko roho yangu iliko. Kaboni hapana Kisauni, samahani kaka, nataka harufu ya mbao. Taylor nimeshapiga, ni safi sana ila sauti yake inang'aa mno kwa mapigo yangu. Naenda na 000-18, iliyotumika kama nitaipata, na @FundiMbao nitakuletea uikague shingo kabla sijalipa. Keisi na kipimo cha unyevu nanunua wiki hii. Mwenye shida na gitaa la umeme aje inbox, hilo ndilo linaondoka kwanza.