Ajenti anachagua zana siyo, haya maelezo yanaandikwaje?

kodi_usiku
Wakuu habari. Nina ajenti wa AI wa huduma kwa wateja, ana zana kadhaa (funksheni anazoweza kuziita) na mbili zinanitoa jasho: tafuta_oda na pata_oda. Ya kwanza inatafuta oda kwa mteja au kwa kipindi, ya pili inaleta oda moja ukishakuwa na namba yake. Sasa mteja akiandika tu "oda yangu ya juzi imefika wapi" jamaa anarukia pata_oda, na pale kwenye namba anaweka neno "juzi", au mbaya zaidi anatunga namba yake mwenyewe. Maelezo niliyoweka ni "Hutafuta oda" na "Hupata oda", maana niliona majina yanajieleza. Modeli yenyewe ni kubwa na ya kisasa. Nibadilishe modeli au kuna namna ya kuandika akaelewa?

mzee_wa_logi
Usibadilishe modeli, utapoteza hela bure. Modeli haioni kodi yako hata mstari mmoja, inachoona ni jina la zana, maelezo, na skima ya parameta (ile JSON inayosema zana inapokea taarifa gani na za aina gani), basi. Wewe unajua pata_oda bila namba haina kazi, yeye atajulia wapi? Kutafuta na kupata kwake ni kitu kimoja. Mimi ningeandika hivi:

"Huleta taarifa kamili za oda moja: bidhaa, malipo na hatua ya usafirishaji. Tumia pale tu namba ya oda imetajwa na mteja au imetoka kwenye tafuta_oda. Namba huanza na OD kisha tarakimu 8, mfano OD00412977. Kama huna namba, anza na tafuta_oda, usikisie. Hairudishi oda zilizofutwa."

Angalia hiyo ya "kama huna namba", hapo ndipo penye dawa yako, maana wengi wanaandika zana inafanya nini halafu wanasahau kusema lini isiguswe na badala yake aende wapi. Na ya oda zilizofutwa usiidharau, ukiiacha ajenti atamwambia mteja oda yako haipo kwa kujiamini kabisa kumbe ipo ila ilifutwa, hapo utajibu wewe. Anthropic (wenye modeli za Claude) kwenye miongozo yao wanashauri angalau sentensi 3 mpaka 4 kwa kila zana, wewe una maneno mawili 😂

sina_haraka
Nakubali nusu. Maelezo yanasaidia ila watu wanayageuza jalala, ajenti akikosea leo wanaongeza sentensi, kesho nyingine, na hizo tokeni (vipande vya maneno unavyolipia) zinaenda kwenye kila ombi hata kama zana haijaguswa. Kinachoweza kubanwa kwenye skima kibane hukohuko. Hatua ya oda weka enum (orodha ya thamani zinazoruhusiwa tu) ya "imepokelewa", "njiani", "imefika", hapo huhitaji aya nzima ya kumuelezea. Parameta usiiite "mteja", atajuaje unataka jina au simu au namba? Iite namba_ya_mteja. Halafu bado hakiki upande wa seva, usiamini tu kwamba skima imefuatwa.

Ila swali langu kwako, hiyo "juzi" ataigeuzaje kuwa tarehe? Usipomwambia kwenye prompti ya mfumo (maelekezo ya kudumu unayompa ajenti) leo ni tarehe ngapi, hata akichagua zana sahihi tarehe ataitunga, na hapo utakesha unarekebisha maelezo ambayo hayana kosa lolote.

Kingine ni erori. Usirudishe "400" kavu (ile namba ya erori ya ombi bovu). Rudisha "namba_ya_oda lazima ianze na OD, kama huna namba tumia tafuta_oda". Ajenti anaisoma kama anavyosoma maelezo, na mara nyingi anajirekebisha hapohapo bila mteja kujua.

kibodi_mbovu
Naongezea tu, msijaze LAZIMA na MUHIMU SANA kila mstari. Modeli za siku hizi zinafuata maelekezo neno kwa neno, ukiandika "lazima itumike kila mara" ataiita hata mteja akisema asante kwaheri. Kabla hujaweka hewani mpe mtu asiyejua sistimu yako majina na maelezo tu, mpe na meseji za wateja za kweli, muulize angeita zana ipi. Binadamu akijikuna kichwa, modeli nayo itabahatisha.

kodi_usiku
Asanteni sana. Nimeweka ya mzee na tarehe ya leo kwenye prompti, sasa anaanza tafuta_oda vizuri kabisa bila kutunga. Shida mpya, mteja wa siku nyingi zinarudi oda zake zote na kila kitu ndani, anasoma wee mpaka anachanganya oda ya zamani na ya juzi.

sina_haraka
Hiyo siyo maelezo tena, ni zana yenyewe. Weka parameta ya kikomo, kwa kawaida iwe 5, panga mpya zianze juu, na kila oda irudishe namba, tarehe na hatua tu, akitaka undani si ana pata_oda. Kisha ndiyo uandike kwenye maelezo: "Hurudisha muhtasari wa oda 5 za karibuni, ongeza kikomo ikiwa oda inayotafutwa haimo." Usiposema kwamba zimekatwa atadhani ndizo zote.