Naomba ushauri: RAID 1 ya Linux iwake hata diski ya kwanza ikifa

Habari zenu wakuu. Nina kompyuta ya Debian yenye diski mbili zinazolingana, nimeziunganisha kwa mdadm (programu ya RAID ya Linux) kuwa RAID 1, yaani kila diski ina nakala ileile ya data. Mfumo mzima uko kwenye /dev/md0, na /proc/mdstat inaonyesha [UU], yaani diski zote mbili ziko sawa, kwa hiyo upande wa data sina wasiwasi. Shida ni kuwaka. Nikizima na kuchomoa waya wa diski ya pili, mashine inawaka vizuri tu. Nikichomoa wa ya kwanza, naishia kwenye ukurasa wa UEFI (programu ya ubao mama inayoanzisha mashine), hakuna cha GRUB (kinachopakia Linux) wala nini.

Sehemu ya EFI (kipande cha diski chenye faili za kuwashia) iko sda, yaani diski ya kwanza, peke yake, na UEFI haiijui mdadm, inasoma mfumo wa faili wa FAT tu. Naona njia mbili. Moja, niweke sehemu ya EFI sdb (diski ya pili) pia, ninakili faili kwa rsync (programu ya kunakili) na kuiandikisha kwenye orodha ya kuwashia ya UEFI kwa efibootmgr. Ila GRUB ikisasishwa lazima nikumbuke kunakili tena, na mimi na kukumbuka hatuelewani. Nyingine, sehemu zote mbili ziwe RAID 1 kwa --metadata=1.0, ambayo huweka taarifa za RAID mwishoni mwa sehemu, hivyo UEFI inaona FAT ya kawaida. Inanivutia, lakini UEFI yenyewe ikiandika kitu kwenye diski moja, nakala zitatofautiana bila mdadm kujua.

Mnaotumia mpangilio huu, mmechagua ipi? Na kama ni rsync, mnaifanyaje ijiendeshe yenyewe baada ya kusasisha? Kufomati upya sitaki, labda iwe lazima kabisa.