Gazeti la kufungia viazi karai: ile habari ya kunguru milioni moja iliishia wapi?

KijanaWaKuze

Asalaam aleikum wana wa Mvita, nina swali na naomba msinicheke mpaka nimalize.

Jana baada ya alasiri nilinunua viazi karai karibu na Marikiti, bi mkubwa akanifungia kwa gazeti kama kawaida, nikaja nikakaa kwenye kibaraza cha watu nikafungua. Kumbe gazeti lenyewe la Juni 2024, na habari iliyonikodolea macho ni ile ya KWS, wale wa shirika la wanyamapori la Kenya, kusema wataangamiza kunguru milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Mie nikasahau viazi. Wameeleza vizuri tu, kwamba hawa si ndege wetu, asili yao India huko, wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo wa hapa, na mahoteli ya pwani yamechoka maana mgeni akigeuka kutazama bahari sahani ishavamiwa. Dawa yenyewe inaitwa Starlicide. Nikafika pahali wanapoeleza namna dawa hiyo inavyomuua kunguru na hapo sasa ukwaju. Doa limeingia kama ramani ya Afrika, halisomeki neno. Nikaliinua gazeti juani kama daktari na picha ya eksrei, viazi vipo juu ya goti, na ndipo alipokuja.

Wallahi sikumsikia. Niliona kivuli, halafu kiazi kimoja, kile kikubwa unachokiweka cha mwisho, kimeondoka. Akatua juu ya waya wa stima, akakikanyaga kwa mguu mmoja, akabambua ule unga wa manjano akautupa chini, ndio akala kiazi. Yaani anachagua! Na huku ananitazama, mie na hukumu yake mkononi.

Basi nauliza, habari hii iliishia wapi, mwenye kipande kilichobaki atuambie. Na hiyo milioni nani aliwahesabu? Maana sisi wenyewe sensa ya 2019 tuliambiwa tutulie majumbani na bado ndugu yangu alihesabiwa kwetu akaenda akahesabiwa na kwa wakwe zake.

AmiWaBaraza

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza viazi haviliwi juu ya goti. Pili, hao kunguru tusiwaonee sana, Unguja waliletwa na binadamu miaka ya 1890 waje wale taka za mji, na huku Mombasa washafika tangu miaka ya 1940, mie nimezaliwa nikawakuta. Mgeni gani huyo wa miaka themanini? Angekuwa mtu angekuwa bado anazungushwa kitambulisho. Na aliyesema kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, huyo hajafika Kongowea sokoni saa mbili asubuhi.

Lakini umenikumbusha magazeti. Hapa maskani Taifa Leo hununuliwa moja ikasomwa na watu kumi na mmoja. Mnunuzi anachukua kurasa za mpira, sisi wengine tunangoja na kahawa chungu, na siasa haitupi tabu, inaisha dakika tano kwa sababu kila mtu ashaisikia redioni. Kinachotuchelewesha ni Dondoo. Mnazijua, vile vihabari vifupi vya mtu kufumaniwa au kuaibishwa, jina hupewi, ni kalameni tu na kipusa na buda, lakini juu pameandikwa mtaa kwa herufi kubwa. Sasa siku pakiandikwa MOMBASA, gazeti linawekwa chini na uchunguzi unaanza, nani hakuonekana msikitini alfajiri, nani siku hizi anapita njia ya nyuma. Siku moja ilisomwa ya mzee aliyefungiwa mlango usiku na mkewe kisa pesa za kitoweo. Watu kumi wakanigeukia mie. Nikawaambia, haki ya Mungu si mie, yule kaleta dagaa, mie nilileta tafi.

MvukaFeri

😂😂 Ami umejimaliza mwenyewe.

@KijanaWaKuze kipande chako ninacho mie, ila nilikisoma kwenye bega la mtu. Sisi wa Likoni ndio wasomaji wa kweli wa magazeti nchi hii na hatujawahi kununua hata moja. Ukibanwa ndani ya feri saa kumi na mbili asubuhi, mkono huwezi kuuinua, shingo ndio inayofanya kazi, basi unasoma la aliye mbele yako. Siku hiyo nilikuwa nimesimama nyuma ya mzee mmoja wa kofia ya kiua, msomaji wa polepole, wa kunyooshea kidole, nikafurahi sana. Hiyo sehemu iliyoingia ukwaju inasema kunguru akila ile dawa hafi pale pale, humchukua kama saa kumi hadi kumi na mbili, na mpaka anakufa dawa ishayeyuka mwilini mwake, kwa hivyo paka akimla yule maiti hadhuriki. Hapo mlango wa feri ukateremka, mzee akakunja gazeti akaliweka kwapani akaenda zake na aya ya mwisho. Nilimfuata mpaka juu kwa matatu nikidhani atalikunjua, akanunua mahamri akapanda tuktuk.

MwalimuLikizo

Mimi nina la kumtisha mwenye mada. Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle wataalamu walivaa vinyago wakawakamata kunguru wa kwao wakawaachilia, na baada ya miaka kunguru bado wakikiona kile kinyago wanakipigia kelele, hata wale ambao hawakukamatwa. Wa kwao ni aina nyingine na hawa wetu, lakini mimi ningekuwa wewe kesho nisingepita chini ya ule waya. Uso anao tayari, na bei ya viazi anaijua.

BiViazi

Huyo bi mkubwa wa Marikiti mnayemtaja nafikiri ni mie, na nasikitika kwa lile doa mwanangu, ukwaju ulikuwa mwepesi jana.

Niwaambie kitu watu hamkijui. Magazeti nanunua kwa kilo, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 hata ya kilo yanagombaniwa. Sifungii ovyo mie, huchambua usiku kama mchele. Ukurasa ulioandikwa aya au jina la Mwenyezi Mungu naweka kando, huo hauingii kwa mafuta. Tanzia nazo sifungii tena, kuna siku mteja alikuwa anatafuna huku anasoma, mara akanyamaza, kumbe ni mwalimu wake wa zamani, akalia na bhajia mdomoni, sikuweza hata kumdai. Wanasiasa nafungia lakini kwa hesabu, wako wateja wakiona uso wasioupenda wanakurudishia ufunge upya. Zinazopendwa ni mpira na hizo Dondoo za Ami, kuna kijana wa bodaboda huniambia kabisa bi mkubwa nifungie ya udaku. Na binti yangu anayefanya kazi kliniki ashanikataza, ati wino si chakula, kwa hivyo siku hizi ndani naweka karatasi nyeupe na gazeti linabaki kuwa nguo ya nje. Jana ile nyeupe ilikuwa imeisha, msiende kumwambia.

Kuhusu wamekwisha au hawajakwisha, hivi naandika na mmoja yuko juu ya mwavuli wangu. Wa pili kwa jirani yangu wa madafu.

KijanaWaKuze

Bi mkubwa shikamoo! Kumbe ni wewe. Basi kama gazeti lilitoka kwako na ukurasa unaofuata si uko kwako? Niwekee, nakuja sasa hivi, na kofia.

BiViazi

Marahaba. Ulikuwepo. Nimemfungia mtu bhajia leo saa nne asubuhi, kijana wa shati la kijani, kasema anavuka Likoni.

MvukaFeri

Shati la kijani nimemuona, yuko mbele yangu hapa. Karatasi anayo, hajaifungua bado. Ngojeni.