GC-MS ya wanafunzi: kilele cha 28 hakishuki baada ya kubadili kolamu

MaabaraB2: Wakuu, naomba msaada. Mashine yetu ya GC-MS (GC hutenganisha kemikali ndani ya kolamu, yaani mrija mwembamba, kisha MS hupima uzito wa ioni zake) ni ya kwadrupoli moja (aina ya kichujio cha ioni), wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaitumia kwa mazoezi na miradi yao. Jana tumefunga kolamu mpya (mita 30, kipenyo cha ndani milimita 0.25), heli inapita mililita 1 kwa dakika, pampu zimekesha zikivuta. Leo, tukilinganisha na kilele cha uzito wa 69 cha PFTBA (kemikali ya kurekebishia mashine): kilele cha 18 kiko asilimia 6, 28 asilimia 45, 32 asilimia 11. Tusubiri zaidi?

Kwadrupoli: Msisubiri. 28 (naitrojeni) kwa 32 (oksijeni) ni kama 4 kwa 1, hiyo ni hewa. Ungekuwa unyevu tu, 18 (maji) ndiyo ingekuwa juu, na huo hupungua kadiri pampu zinavyovuta. Hewa inayovuja haipungui. Filamenti (waya wa moto wa kutengenezea ioni) iwashwe pale tu mnapopima, maana oksijeni inaiunguza.

Anzeni na nati ya kolamu upande wa MS. Feruli (pete ya kuzibia ndani ya nati) ya Vespel (plastiki inayostahimili joto) iliyochanganywa na grafaiti husinyaa ikipata joto mara za kwanza, nati ikalegea. Acheni tanuri ipoe, kazeni kidogo sana kwa spana, kisha pimeni tena. Mkikaza kwa nguvu mtaipondaponda feruli au mtavunja kolamu. Na kama mmeweka grafaiti tupu upande huo, itoeni: inapitisha hewa, na chembe zake huingia kwenye chanzo cha ioni.

MaabaraB2: Feruli ni ya mchanganyiko. Tumekaza, 28 imeshuka hadi asilimia 30 tu.

Feruli025: Basi tafuteni kwa agoni. Wekeni mashine ifuatilie m/z 40 (uzito wa ioni ya agoni) peke yake, halafu pulizieni agoni kidogo kwenye kiungo kimoja kimoja: nati, mpira wa mlango wa chemba, vali ya kuingizia hewa, chupa ya PFTBA. Penye tundu, 40 itaruka ndani ya sekunde chache. Subirini ishuke kabla ya kwenda kiungo kingine, la sivyo mtalaumu kisichohusika. Kwenye injekta (sehemu ya kuingizia sampuli) hewa huingia kwa nadra, kwa sababu mle shinikizo liko juu na heli ndiyo inayotoka.

MaabaraB2: Ni mlango! 40 imeruka kona ya chini.

Feruli025: Pozeni chanzo cha ioni, ingizeni hewa kwa utaratibu wa mashine, fungueni. Mara nyingi ni unyuzi wa kitambaa juu ya mpira. Futeni kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, bila grisi. 28 ikiwa chini ya asilimia 10, fanyeni tyuni (marekebisho ya mashine kwa PFTBA) upya.

Kwadrupoli: Spektra ya leo msiifute. Wapeni wanafunzi wataje 18, 28, 32 na 40 na waeleze kwa nini ile 40 ndogo ipo hata kabla ya kupuliza: agoni ni karibu asilimia 1 ya hewa.