Namba 9 kwenye Kiarabu cha kuchati ni herufi gani? Naombeni msaada wa haraka

MchapaKadi: Wakuu, mwenye kujua Kiarabu cha kuchati anijibu upesi. Mtu akiandika neno kwa herufi zetu za kawaida kisha akachomeka 9 katikati, hiyo 9 inasimama badala ya herufi gani? 3 najua ni ع, 7 ni ح. Hii 9 inaninyima usingizi tangu jana.

BintiNgamiani: Ni ص, ondoa shaka. Nipo Muscat mwaka wa 4 na mama wa nyumba kila asubuhi ananiandikia "9ba7 el5air", yaani sabahu lkheri. 9 ni ص, 7 ni ح, 5 ni خ kwa sababu tano kwao ni khamsa. Wiki yangu ya kwanza aliniandikia "ta3ali sa3a 7". Nikajua naitwa saa saba mchana, kumbe 7 yao ndiyo saa moja yetu ya asubuhi. Watoto walikosa shule siku ile, nikalia hadi usiku.

MchapaKadi: Ahsante dada, angalau napumua. Kwa hiyo ni ص tu, hakuna nyingine?

MwalimuSudi: Jambo hili linaniuma sana. Babu zetu waliandika Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu, kuanzia barua za biashara mpaka tenzi. Leo wenye lugha wanaiandika kwa namba! Vijana, rudini chuoni mkasome.

FundiSimu: Ustadhi, tusiwalaumu. Simu nyingi za zamani hazikuwa na Kiarabu kabisa. Hata kilipoingia, ujumbe mmoja wa herufi za Kilatini ulibeba herufi 160, wa Kiarabu 70. Salamu ileile, unakatwa mara mbili. Wakaokota namba zenye sura ya karibu: 3 ni ع iliyogeuka, 7 inakaribia ح. Sisi tulipoyachukua maneno hayo ع tuliiacha njiani, sa3a ikawa saa, wala hatukupungukiwa. Wao wakiiacha, neno linageuka lingine.

KahawaChungu: Mleta mada, neno lenyewe ni lipi, na aliyeandika ni mtu wa wapi? Dada yuko sahihi kwa Ghuba. Ukienda Morocco na Algeria, 9 ni ق. Angalia kichwa cha ق uone. Kahawa wanaandika 9ahwa. Cairo nako ق hutamkwa kama hamza, yaani sauti ya kukata pumzi kooni, nayo huandikwa 2, kwa hiyo "moyo wangu" utakuta 2albi. Bila kujua nchi, huwezi kujibiwa.

MchapaKadi: Ni jina la mtu tu, mkuu.

KahawaChungu: Jina gani?

MchapaKadi: 3abdel9ader. Mtu wa Morocco.

KahawaChungu: Huyo ni Abdulkadir! Wewe umemwandikaje?

MchapaKadi: Nachapa kadi za harusi hapa Kariakoo. Bibi harusi ni wa Tanga, bwana harusi Mmoroko, na huyo ni baba yake. Shangazi wa bibi harusi alinirushia ujumbe wa bwana harusi kama ulivyo. Mimi nikaandika عبد الصادر. Kadi 250, wino wa dhahabu, zimeshakauka. Harusi Jumamosi ya wiki ijayo. Lakini wakuu, ukurasa wa Kiswahili uko sawa kabisa, na wageni wengi wa hapa hawatasoma ule mwingine. Nimeshaongea na kijana wa stika, anakata ua la kufunika ile sehemu.

MwalimuSudi: القادر ni jina la Mwenyezi Mungu. الصادر ni neno la ofisini, barua zinazotoka. Umemfanya mzee wa watu mja wa barua. Mwanangu, usifunike. Chapa upya.

BintiNgamiani: Na mimi ndiye niliyemwambia ondoa shaka. Kaka, nisamehe.

JichoKavu: Hadithi hii imetungwa. Wamoroko huandika majina yao kwa Kifaransa, pasipoti inasema Abdelkader. Mchapaji gani anakosa nakala ya majina? Na kadi zinachapwaje 250 bila mteja kuona sampuli? Tumechezewa, tufunge uzi.

FundiSimu: Hapo kwenye sampuli hata mimi nimekwama.

MchapaKadi: Sijatunga. Picha ya pasipoti ilitumwa, ni ya bwana harusi peke yake, na jina la baba halimo. Sampuli shangazi aliiomba, tena mara mbili. Nikamjibu iko njiani, na mashine nilikuwa nimeshaiwasha, kwa sababu foleni ya kazi ilikuwa ndefu. Ndiyo maana nilikuja na swali la 9 peke yake.

KahawaChungu: Basi mpigie sasa hivi. Stika si dawa, msomaji wa kwanza wa ukurasa ule ni baba mwenyewe.

MchapaKadi: Nimempigia. Alinyamaza, kisha akauliza kama kuna kadi iliyotoka dukani. Hakuna. Karatasi nagharamia mimi, na bwana harusi atatuma majina yote kwa sauti. Wakati nasubiri, mama yake ameandikwa Fati7a. Hiyo 7 ni ح?

KahawaChungu: Ni ح. Lakini msikilize mwanawe akilitamka, halafu mtumie sampuli.